Maji Yalifika Kizingitini

Bondeni, Kilosa
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Kabula,

Najua ukiliona neno hilo utacheka. Wasichana wa darasani kwangu nao hucheka wakinisikia nikikuita hivyo, kwa sababu mimi nina miaka kumi na saba na wewe kumi. Wanadhani natania. Sitanii. Mama yako alikuwa dada yangu wa tumbo moja, na mtoto wa dada ni mtoto wangu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa hapa nyumbani. Nilikubeba mgongoni nikiwa bado sijui kufunga kanga ikakaza, ukawa unateleza, Bibi anapiga kelele kutoka jikoni, "Salma! Mtoto anadondoka huyo!"

Sasa hivi uko kwa mama Pili unasukwa. Umetaka mtindo wa twende kilioni, mistari iliyonyooka, ili baba yako akija kesho akukute nadhifu. Mama Pili anaongea kuliko anavyosuka, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye kile kiti cha kamba kilicholegea, daftari liko magotini, na begi lako liko mlangoni, tayari limefungwa. Kila nikiliangalia nakosa neno la kuandika, basi nimeligeuzia mgongo.

Sitakuandikia mambo ya kupiga mswaki, wala ya kuwaamkia wakubwa, wala ya kutocheza barabarani huko Mikumi magari yanakopita kwa kasi. Bibi ameshayasema yote tangu juzi na kesho atayasema tena. Sitakuandikia pia namna ya kuishi na mke wa baba yako, kwa sababu simjui. Baba yako anasema ni mtu mwema.

Nataka kukuandikia kwa nini unaondoka.

Watu wazima wamekwambia unakwenda Mikumi kwa sababu kule kuna shule nzuri yenye vioo madirishani. Ni kweli shule ipo na vioo vipo. Lakini hata jana vilikuwepo, na mwaka juzi pia, na hakuna aliyekuwa na haja ya kukupeleka. Unaondoka kwa sababu ya bwawa. Babu na Bibi wanahamia kule juu mlimani, kwenye viwanja vikavu ambako shule bado ni maneno na maji ni ya kubeba kichwani. Magoti ya Bibi hayawezi tena kupanda kilima na ndoo. Mimi mwaka huu ni kidato cha nne na niko hosteli, narudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Ndiyo maana baba yako aliposema, "Mzee, nipeni mtoto wangu," Babu akasema, "Mchukue."

Na katika bwawa hilo kuna maneno yangu mawili. Ulikuwepo nilipoyasema. Ulikuwa na miaka minane, na sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka kwa ajili yetu sote wawili.

Nianze nyuma kidogo ya hapo, vinginevyo utawaona watu wa Bondeni wote kuwa waongo, na si hivyo.

Hapa kwetu maji yakipanda, yakishashuka, mwenye nyumba anachukua panga na kuweka alama pale yalipofika. Babu anakata kwenye mkuyu ulio mbele ya nyumba. Alifanya hivyo baba yake, na mkuyu huo una alama za kabla Babu hajaoa. Hakuna aliyewahi kuzitumia kwa kitu chochote. Ni kama watu wengine wanavyoandika majina ya watoto wao mlangoni.

Halafu ukaja ule mwaka wa mafuriko yanayotajwa na kila mtu, wewe ukiwa mdogo wa miaka miwili. Walikuja watu wa msaada na gari. Wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja tu: "Maji yalifika wapi?" Babu akawaonesha kizingiti cha mlango, kwa sababu yalifika kizingitini. Wakamwambia pole mzee, wakaandika, wakaenda. Mama Pili aliwaonesha dirisha. Alipata mfuko wa unga, maharage na mablanketi mawili. Jioni yake alipita hapa uwanjani na mfuko wake kichwani, akasimama makusudi.

"Mzee Omari," akasema, "huo ukweli wako umeshaupikia uji, au bado unauchambua?"

Tangu siku hiyo Bondeni nzima ilijua jibu la swali lile. Ukiulizwa maji yalifika wapi, unaonesha dirisha. Hata watoto walijua. Lilikuwa jibu kama "marahaba" lilivyo jibu la "shikamoo".

Sasa njoo kwenye mwaka juzi. Mwalimu wa jiografia alitutaka tupime kitu chochote cha nyumbani kwetu na kukiandika. Wenzangu walipima mashamba. Mimi nilipima alama za mkuyu. Wewe ndiye uliyenisaidia. Wewe ulishika ncha ya kamba chini, kwenye mizizi, mimi nikashika ncha ya juu, na kila alama tukaipima kwa rula na kuiandika kwenye daftari. Alama ya mwaka wa yale mafuriko ilikuwa chini tu, sawa na kizingiti chetu. Uliiwekea kidole ukasema, "Kumbe maji yenyewe yalikuwa mafupi kama mimi!" Nilicheka. Nilikuwa na furaha sana siku ile, Kabula. Nilijiona msomi.

Wiki chache baadaye mwenyekiti wa kitongoji akapita na kutangaza kwamba wanakuja wataalamu kuuliza habari za mafuriko. Hakusema bwawa. Pengine alisema na hatukusikia, maana tuliposikia mafuriko na kuuliza katika sentensi moja, tulisikia unga. Asubuhi iliyofuata nilimkuta Babu kwenye mkuyu. Alikuwa amekata alama mpya juu, usawa wa dirisha, na anaipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na tope ili ionekane ya zamani. Kisha akabiringisha kinu cha Bibi kutoka jikoni akakisimamisha mbele ya ile alama ya chini.

Bibi akatoka. "Kinu changu kinafanya nini uwanjani?"

"Kinapunga upepo," Babu akasema.

Bibi akamtazama, akautazama mkuyu, akarudi ndani. Mimi pia niliona, nikarudi ndani.

Walikuja watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wamevaa mabuti, wana futi kamba na chombo kile cha kutazamia chenye miguu mitatu. Walikuwa na adabu. Walimwamkia Babu, wakaketi, wakanywa maji. Yule mwanamke ndiye aliyeuliza. "Mzee, katika mafuriko yote unayoyakumbuka, makubwa kabisa yalifika wapi?"

Babu akanyanyuka, akaweka kiganja juu ya masizi. "Hapa. Mwaka uleule yalipomchukua binti yangu."

"Pole sana, mzee," yule mwanamke akasema, na kweli alionekana kusikitika. Akaanza kuandika.

Ndipo wewe ukasema. Ulikuwa umesimama ubavuni mwangu na kipande cha muhogo mkononi. "Siyo hapo! Ni pale chini nyuma ya kinu! Mimi na mama mdogo tulipima!"

Watu walicheka. Mwenyekiti akasema, "Huyu naye! Wakati ule alikuwa ananyonya, leo ni shahidi." Wakacheka zaidi. Lakini yule mwanamke hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Mdogo wangu, unasoma?"

"Ndiyo."

"Kidato cha ngapi?"

"Cha pili."

"Vizuri. Basi tusaidie. Alama ya mafuriko yale ni hii ya juu, au hiyo anayoisema mtoto?"

Daftari lilikuwa ndani, hatua kumi kutoka pale nilipokuwa. Nilikuwa nimeshaushika mkono wako chini ya kanga yangu. Nikaufinya, kwa kucha, mpaka ukaachia muhogo. Nikasema, "Ya juu."

Hukulia. Ulinitazama tu. Baadaye ulikuwa na alama nyekundu mbili kwenye mkono, na ulipoulizwa na Bibi ulisema umeumwa na siafu. Ulikuwa umeshajifunza. Nilikufundisha mimi.

Nimekaa nayo siku ile miaka miwili nikitafuta sababu. Kwa muda mrefu nilijiambia ni heshima, kwamba binti hawezi kumkana baba yake mbele ya wageni. Ni kweli, hawezi. Nikajiambia pia ni haya, maana wewe mwenyewe unajua mimi nikitazamwa na watu watatu kwa pamoja sauti inakwama. Hilo nalo ni kweli. Lakini yule mwanamke aliniuliza kwa upole, na Babu angenisamehe. Kuna sababu nyingine chini ya hizo, na sijamwambia mtu yeyote. Ni hii, na inakuhusu wewe kuliko mtu yeyote duniani.

Wewe umeambiwa kwamba mama yako alichukuliwa na mafuriko makubwa. Kila mtu anasema hivyo. Babu anasema hivyo, na nadhani siku hizi anaamini. Mafuriko yalikuja kweli mwaka ule. Lakini yalikuja siku tatu baada ya mama yako kufa. Siku aliyokufa hapakuwa na mafuriko. Maji ya pale kivukoni yalikuwa magotini.

Nilikuwa darasa la tatu. Shule wakati ule ilikuwa ng'ambo ya mto na tulikuwa tunavuka kwa miguu kila siku. Mwalimu alikuwa ameniazima kitabu chake cha hadithi, kitabu chenye picha za rangi, na nilikisahau kwenye dawati. Nilipofika nyumbani mawingu yalikuwa yamefunga upande wa milimani, na paa la darasa letu lilikuwa linavuja palepale juu ya dawati langu. Nikaanza kulia. Nililia kwa ajili ya kitabu, Kabula. Bibi alinigombeza, sikunyamaza. Mama yako alikuwa anakuogesha kwenye beseni. Akacheka. "Wewe na vitabu vyako! Utakuja kuolewa na kitabu." Akakufunga kwenye kanga, akaniwekea mikononi, ukiwa bado umelowa.

"Mshike mwanangu," akasema. "Nakuja sasa hivi."

Alivuka akaenda. Kitabu alikipata. Wakati wa kurudi, wanaume waliokuwa wanalisha ng'ombe ng'ambo walimwona akiingia majini, yamepanda kidogo tu, magotini, ameinua kitabu juu ya kichwa. Mvua ilikuwa imeshanyesha milimani. Gogo lilikuja na maji likampiga miguu. Alianguka, na mawe ya pale unayajua. Walimpata upande wa chini, si mbali. Kitabu kilikutwa kwenye majani ya ukingoni. Alikuwa amekizungushia mfuko wa nailoni na kuufunga fundo. Kilikuwa kikavu. Nilikirudisha kwa mwalimu baada ya arobaini, kikavu vilevile, na mwalimu hakujua akipokee kwa mkono gani.

Sasa unaelewa kwa nini nilisema "Ya juu". Kama maji yalifika dirishani, basi hakuna wa kulaumiwa, mto ulimchukua dada yangu kama ungemchukua mtu yeyote. Lakini kama yalikuwa mafupi, kila mtu mwenye akili atauliza mwanamke mzima alikwenda kufanya nini majini siku yenye mawingu milimani. Na jibu ni mimi. Nilipoufinya ule mkono wako sikuwa namtetea Babu. Nilikuwa najificha ndani ya maji marefu.

Baba yako alikuwa na ng'ombe upande wa Masanze wakati ule. Alipofika, mafuriko yenyewe yalikuwa yameshakuja na kuondoka, tope limejaa kila mahali, na alipoambiwa maji yamemchukua mke wake aliona tope akaamini. Yeye ndiye aliyekupa jina la Kabula kwa sababu ulizaliwa mvua inanyesha, na baada ya msiba ule alishindwa kulitamka. Alikuwa anakuita "mtoto". Watu hapa walisema wafugaji ndivyo walivyo, wanaacha watoto kama wanavyoacha malisho. Si kweli. Kila alipokuja kukuona alikaa pale kwenye mkuyu, na kila mara aliuliza, "Hivi kweli yalifika wapi?" Na kila mara alioneshwa tofauti.

Mwaka jana wale wataalamu waliitisha mkutano shuleni. Ramani ilitundikwa kwenye ubao wa darasa la saba. Ulikuwa nami, ukaniuliza kwa nini wamepaka rangi ya bluu juu ya jina letu. Yule mwanamke ndiye aliyeeleza. Alisema mto huu ukizuiwa juu, watu wa Kilosa mjini na Magomeni watalala masika bila kuinua vitanda juu ya matofali, na mashamba ya chini yatapata maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Ni kweli, mwanangu, na nisingependa uchukie hilo. Kule Magomeni nako kuna watoto. Kisha akasema mwanzoni walikuwa wakifikiria mabwawa mawili madogo huko makorongoni, ambako hakai mtu.

"Lakini kwa mafuriko ya ukubwa mliotuonesha nyinyi wenyewe," akasema, "mabwawa mawili madogo hayawezi. Lazima liwe moja, kubwa, na lianzie hapa."

Halafu mama Pili, aliyekuwa ameketi kwenye dawati la nyuma yetu, akasema kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Kumbe hawakuja na unga."

Hakuna aliyecheka.

Wiki ile nilichukua daftari nikaenda Kilosa, kwenye ofisi ya mradi. Sikumwambia mtu. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa saba, kwa sababu kila mtu aliyetoka nje nilishindwa kumsimamisha. Mwishowe yule mwanamke mwenyewe akanitambua. Nikamfungulia daftari. Alisoma kila mstari. Akauliza ncha ya chini ya kamba alishika nani, nikamwambia mwanangu. Akanitazama usoni.

"Yule mtoto wa muhogo?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo alisema kweli."

"Alisema kweli."

Akaweka kalamu chini. "Mdogo wangu, kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nikamsogezea daftari karibu zaidi. Aliunakili ukurasa wote kwa mkono wake, kisha akanieleza bila kunificha. Alisema ripoti imeshakwenda juu. Alisema alama zetu zilikuwa kitu kimoja kati ya vingi, kuna vipimo vya mvua, kuna vitongoji vingine, na navyo vilionesha madirisha. Pengine ramani ingekuwa ileile hata ningesema kweli. Pengine isingekuwa. "Nitaipeleka," akasema, "lakini sikuahidi kitu." Niliona kwamba anaona aibu kwa ajili yangu, nikainuka.

Hilo ndilo linaloniuma, Kabula. Kama ningejua kwa hakika kwamba ni maneno yangu mawili yaliyotuzamisha, ningelia nikamaliza. Kama ningejua kwamba hayakuhusika, ningelala. Sitajua. Hata nikisoma mpaka vitabu viishe, hakuna kitabu kitakachoniambia.

Nilipomweleza Babu kuwa nimepeleka daftari, alikasirika. "Ulikwenda kunianika?" Siku tatu hakula chakula nilichopika. Siku ya nne alinikuta nafua, akasimama nyuma yangu, na akasema jambo ambalo silisahau. "Salma, maisha yangu yote niliwaambia hawa watu ukweli na hawakuniamini. Nimewadanganya mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo waliyoiandika."

Halafu akaenda shambani, na hatujaizungumzia tena.

Bikoni, zile nguzo fupi za saruji za mpaka wa bwawa, walizipanda mwezi uliofuata. Moja iko nyuma ya jiko, umeikalia mara nyingi ukila miwa. Mama yako yuko ndani ya mstari. Siku wanapanda bikoni ulimuuliza Babu, "Mama naye atahama?" Babu aliondoka bila kukujibu, ukadhani umekosea. Hukukosea. Ndiyo, naye atahama. Watakuja kiangazi na watu wa kuhamisha makaburi. Nimeomba ruhusa shuleni kabla hata tarehe haijatajwa. Nitakuwepo, na nitamwambia uko wapi.

Sina somo la kukupa. Mtu aliyefanya niliyoyafanya hana ubao wa kusimama mbele yake. Nina ombi tu. Huko unakokwenda utakuwa mgeni, na wageni hujifunza haraka jibu ambalo watu wa pale wanataka kulisikia. Wewe ulizaliwa na mdomo ambao hausubiri. Mimi nilijaribu kuufunga, kwa kucha zangu. Mtu akikufinya tena, awe nani, hata akiwa anakupenda kama ninavyokupenda, sema mara ya pili kwa sauti zaidi.

Kuna jambo moja bado. Baba yako hajui habari ya kitabu. Nitamwambia kesho asubuhi, wakati Bibi anampa chai, kabla hajalibeba begi lako. Naogopa sana. Anaweza kuondoka bila kuniaga, anaweza kunizuia nisije kukuona Mikumi, na atakuwa na haki. Ninaliandika hapa ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Barua hii naishona ndani ya kitambaa cha begi, pamoja na karatasi ile ya daftari yenye mwandiko wetu. Utaikuta siku utakapokuwa mkubwa wa kutosha kufumua. Siku hiyo muulize baba yako kama nilimwambia. Akisema hapana, ujue kwamba mama yako mdogo alibaki yuleyule wa siku ya mkuyu, na usiniite mama tena.

Nasikia sauti yako kwa mama Pili. Unalalamika kwamba amekaza mno kisogoni, naye anakwambia uzuri hauji bure. Umemaliza. Unakuja.

Ukifika sitakwambia ninaandika nini. Nitakuomba tusogeze kinu. Kimekaa pale miaka miwili, Bibi ameshazoea kutwangia hapohapo. Ni kizito lakini tukisukuma wawili kitakwenda. Nataka uweke kidole kwenye ile alama tena, kabla hujaondoka na kabla maji hayajaja kuifunika kwa kweli.

Ulikuwa sahihi, mwanangu. Ilikuwa pale chini.

Mimi,
Salma, niliyeshika ncha nyingine ya kamba